Brahms na MacMillan kwa Sikio la Mwanakwaya: Mwongozo Kamili wa Kusikiliza Rekodi ya Okestra Nyanda za Juu Kusini

Wapo wanakwaya Mbeya, Njombe na Iringa wanaoshika karatasi ya solfa asubuhi na mchana wanauimba wimbo mpya ibadani bila kubabaika. Watu hao hao ukiwawekea simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, dakika ya kumi haijafika wameshaanza kuangalia simu. Si uvivu wala ushamba. Ni kwamba hakuna aliyewaonyesha pa kushikia. Mwongozo huu unaonyesha pa kushikia kwa kutumia rekodi moja tu. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa kwaya, kiongozi wa bendi ya matarumbeta, au yeyote mwenye sabufa, sebule na majirani wanaopenda muziki.

Rekodi yenyewe ni ya okestra ya Pittsburgh ya Marekani, Pittsburgh Symphony Orchestra, ikiongozwa na Manfred Honeck. Ilitolewa mwaka 2021 na kampuni ya Reference Recordings. Ina kazi mbili: Simfoni ya Nne ya Johannes Brahms, muziki wa karne ya 19, na Larghetto for Orchestra ya James MacMillan, mtunzi aliye hai. Zikiunganishwa zinachukua takriban dakika 55.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtu aliyeimba besi, tena, alto au soprano kwa miaka kadhaa ana sikio zuri zaidi kwa rekodi hii kuliko msomi anayejua historia yote ya muziki lakini hajawahi kuimba na wenzake. Kazi zote mbili zimetoka kwenye uimbaji wa kanisani. Ukiingilia mlango huo, urefu wake hautakusumbua.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini kazi hizi zimewekwa pamoja

Usiruke hatua hii, hasa kama wewe ndiye utakayeongoza jioni. Watu watakuuliza, na jibu ni zuri.

Brahms alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833, akafariki Vienna mwaka 1897. Kabla simfoni zake hazijajulikana alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliongoza kwaya ya wanawake Hamburg, na mwaka 1863 alikabidhiwa kwaya ya Singakademie ya Vienna. Alikusanya na kusoma muziki wa watunzi wa zamani wakati wenzake wengi walikuwa wanakimbilia mambo mapya. Simfoni ya Nne, iliyo katika ufunguo wa E maina (unaoegemea la, wenye sauti ya huzuni), aliitunga majira ya joto ya 1884 na 1885 huko Mürzzuschlag, mji mdogo wa milimani Austria. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Meiningen tarehe 25 Oktoba 1885, yeye mwenyewe akiongoza.

Simfoni ina sehemu nne, na ya nne ndiyo tunayoitaka kwanza. Pale Brahms alichukua besi kutoka kantata (kazi ya kuimbwa ikisindikizwa na ala) ya Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa kabla yake, ile inayojulikana kwa namba 150. Katika kantata hiyo kwaya inaimba kwamba siku za mateso Mungu huzimaliza kwa furaha, na chini yao besi ile ile inarudi tena na tena. Brahms aliinyoosha besi hiyo ikawa na vipimo vinane, akapenyeza nota moja ya nusu hatua inayouma sikio, halafu akajenga juu yake mabadiliko 30, yaani mara 30 muziki mpya juu ya msingi ule ule, na kimalizio. Dakika kumi za muziki zimesimama juu ya nota nane. Kila mwimba besi aliyewahi kuambiwa kwamba sauti yake ni ya kusindikiza tu anapaswa kulisikia jambo hili kwa masikio yake.

MacMillan ni Mskoti, amezaliwa mwaka 1959, Mkatoliki, na maisha yake yote ameandikia kwaya. Mwaka 2009 alitunga Miserere kwa ajili ya kwaya ya Uingereza iitwayo The Sixteen. Ni Zaburi ya 51 kwa Kilatini, kwaya tupu bila ala. Okestra ya Pittsburgh ilipokuwa inaadhimisha miaka kumi ya Honeck kama mkurugenzi wake wa muziki, kazi aliyoianza mwaka 2008, MacMillan aliuchukua muziki ule ule wa zaburi na kuupangia ala za okestra. Ndiyo Larghetto, iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 2017 katika ukumbi wao wa Heinz Hall. Maneno yameondoka, uimbaji umebaki.

Sasa angalia miisho yake. Simfoni nyingi za wakati wa Brahms zinazoanza katika maina huishia katika meja (ufunguo unaoegemea do, wenye sauti ya uchangamfu), watu watoke ukumbini wamefarijika. Ya Nne ya Brahms haifanyi hivyo. Inaishia katika maina, kwa nguvu, bila kulainisha chochote. Larghetto nayo inaanza katika giza la chini kabisa la okestra, na robo saa baadaye inamalizia katika meja. Faraja ambayo Brahms amekataa kuitoa inakuja kutoka kwa mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu ya kazi hizi kukaa kwenye diski moja, na ndiyo sababu mpangilio wake usiubadilishe: Brahms kwanza, MacMillan baadaye.

Hatua ya pili: ipate na uihifadhi mapema

Rekodi inapatikana kwenye huduma za kawaida za muziki mtandaoni. Tafuta kwa majina matatu pamoja: Honeck, Brahms, MacMillan. Ukiandika Brahms peke yake utaletewa mamia ya rekodi za simfoni hii, na si zote zina Larghetto.

Usitegemee kuicheza moja kwa moja kutoka mtandaoni siku ya tukio. Mtandao ukisuasua katikati ya sehemu ya polepole, jioni imeharibika. Ishushe kwenye simu siku mbili kabla. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, kila dakika inakula takriban MB 2.4, kwa hiyo rekodi nzima ni kama MB 130. Bando la kawaida linatosha. Ubora wa nusu ya huo unasikika vizuri kwenye spika ndogo, lakini kwenye sabufa kubwa violini zitaanza kuwa na mchanga.

Ukishaishusha, ingia kwenye mipangilio ya programu yako na uzime mambo mawili. La kwanza ni ule usawazishaji wa sauti unaolinganisha nyimbo zote ziwe na ukubwa mmoja. La pili ni uunganishaji unaofanya wimbo mmoja ufifie huku mwingine unaingia. Okestra inaishi kwa tofauti kati ya mnong'ono na ngurumo, na programu ikisawazisha umebaki na chakula kisicho na chumvi. Zima pia rangi za sauti za kwenye simu, zile zenye majina ya rock, pop na kadhalika.

Kama una rafiki anayetoka safari za nje, diski yenyewe ina faida moja zaidi: kijitabu chenye maelezo marefu, ambamo Honeck anaeleza mwenyewe anavyousikia muziki. Lakini si lazima.

Hatua ya tatu: chumba, spika na paa

Adui mkubwa wa okestra Nyanda za Juu Kusini ni mvua juu ya bati. Mbeya mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Tukuyu ndiyo usiseme, kule hunyesha karibu mwaka mzima. Larghetto inaanza chini sana, na mvua ya wastani tu kwenye bati inaifuta kabisa. Panga jioni hizi kati ya Juni na Oktoba. Ndiyo, Juni na Julai ni baridi, hasa Njombe, Makete na Uporoto, lakini baridi ina dawa: funga madirisha, leteni mablanketi, chai iwe tayari. Mablanketi yenyewe yatasaidia sauti, kwa sababu kitambaa kinameza mwangwi.

Kuhusu mahali, nachagua sebule au darasa dogo kuliko kanisa. Kanisa kubwa lenye sakafu ya saruji na kuta tupu lina mwangwi wake, na rekodi tayari ina mwangwi wa Heinz Hall ndani yake. Ukichanganya miangwi miwili, mabadiliko 30 ya Brahms yanakuwa uji. Kama huna pengine zaidi ya ukumbi wa kanisa, kaeni pembeni, spika karibu nanyi, na mtundike vitenge au mapazia kwenye ukuta ulio nyuma yenu.

Sabufa za majumbani zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa dansi. Kitufe cha besi punguza mpaka kiwe chini ya nusu, kisha sikiliza sello na besi kubwa za okestra. Ukiweza kusikia nota zinapanda na kushuka, umefika. Ukisikia mtetemo mmoja usiobadilika, punguza tena. Spika mbili ndogo ziweke kwenye urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, kushoto na kulia, zikiwa mbali kiasi, na watu wakae mbele ya katikati yake. Kwenye rekodi violini za kwanza zinatoka kushoto, na wasikilizaji wakikaa wote upande mmoja hawatapata picha ya jukwaa.

Kiwango cha sauti kipange hivi: cheza dakika mbili za mwanzo wa sehemu ya nne ya Brahms, pale ambapo ala za kupuliza zinaingia zote kwa nguvu. Ongeza mpaka iwe kubwa bila kukwaruza, halafu usiguse tena kitufe jioni nzima. Watu wengi hupanga sauti kwenye sehemu ya chini, halafu ngurumo inapokuja wanarukia kitufe. Kila anayerukia kitufe amewatoa wenzake kwenye muziki.

Umeme ni suala la kila mtu. Simu iwe imejaa chaji, na kama kuna spika ya kuchaji iwe pembeni tayari. Umeme ukikatika, malizieni kwenye hiyo spika. Ni afadhali sauti ndogo iliyofika mwisho kuliko kubwa iliyokatwa.

Hatua ya nne: imbeni kabla ya kusikiliza

Hapa ndipo penye siri ya mwongozo huu. Watu wasikilize wakiwa tayari wamekwisha kuuimba msingi wa muziki. Inachukua kama dakika ishirini na haihitaji kinanda, ingawa kikiwepo ni vizuri.

Chukua la iwe E. Kama waimbaji hawako vizuri kwa sauti hiyo, chukua yoyote inayowafaa. Andika ubaoni:

la – ti – do – re – re iliyopandishwa nusu – mi – mi ya chini – la

Kila nota inachukua kipimo kizima cha pigo tatu. Hesabu moja-mbili-tatu kwa la, moja-mbili-tatu kwa ti, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vipimo vinane. Besi waimbe kwanza peke yao mara tatu. Kisha wote waimbe kwa oktava zao.

Ile nota ya tano, re iliyopandishwa, itasumbua. Wengi wataivuta irudi kuwa re ya kawaida au wataikimbilia mi. Simama hapo. Waimbe re, re iliyopandishwa, mi, polepole, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka waisikie ikisukuma kwenda juu. Hiyo ndiyo nota ambayo Brahms aliiongeza kwenye besi ya Bach. Ukiiondoa, mstari unakuwa wa heshima na usio na uchungu. Waimbishe kwa njia zote mbili, bila nota hiyo na ikiwepo, nao watakueleza tofauti kabla hujawauliza.

Wakishaijua, fanyeni hivi: besi warudie mstari bila kukoma, na mtu mmoja mmoja wa tena, alto au soprano ajaribu kubuni kitu juu yake. Chochote. Nota mbili ndefu, au mlio unaopanda. Makosa yawepo. Wanakwaya waliozoea kuitikia pambio bila karatasi hawatashangaa sana, na baada ya mizunguko mitano utasikia vitu vya kupendeza. Hicho walichofanya ndicho Brahms alichofanya mara 30.

Kwa wapiga matarumbeta, waandikie mstari huo huo kwenye ala zao. Bendi za Moraviani za Mbeya na Rungwe, ambako wamisionari wa Moraviani walifika mwaka 1891, zimerithi desturi ya kupiga nyimbo za sauti nne makaburini alfajiri ya Pasaka. Watu hao wanajua uzito wa nota ndefu za shaba kwenye hewa ya baridi kuliko mtu yeyote, na Brahms amewawekea kitu chao, kama utakavyoona hatua inayofuata.

Hatua ya tano: jioni ya kwanza, sehemu ya nne na Larghetto tu

Usianze na rekodi nzima. Jioni ya kwanza chukua sehemu ya nne ya Brahms, kama dakika kumi, na Larghetto, kama robo saa. Inatosha.

Gawa kazi. Kila kundi lisikilize kitu chake, kwa sababu mtu mwenye kazi hasinzii.

Besi wafuate mstari wa nota nane popote ulipo. Mwanzoni uko juu kabisa, ala za kupuliza zinautangaza wazi. Baadaye unashuka chini kwa nyuzi nzito, halafu unajificha katikati. Wauhesabu kwa vidole. Watapotea, na wataanza kupotea mahali ambapo pigo linapanuka.

Mahali hapo ni pa soprano. Kati ya dakika ya pili na ya tatu okestra inanyamaza karibu yote, na filimbi moja inaimba peke yake kwa upole, mstari unaopanda kwa shida na kushuka kwa kuchoka. Vipimo sasa ni vya pigo tatu ndefu, virefu mara mbili ya vile vya mwanzo, ndiyo maana hesabu inawaponyoka besi. Mpiga filimbi anapumua mahali ambapo mwimbaji angepumua. Soprano wasikilize pumzi hizo na wajiulize kama wao wanapumua kwa maana namna hiyo wanapoimba peke yao.

Wapiga tromboni na tarumbeta wasubiri kidogo baada ya filimbi. Ufunguo unageuka kuwa meja, na tromboni zinaingia taratibu kama kwaya ya kanisani, sauti zimeshikana. Waambie jambo hili kabla: katika simfoni nzima, wapiga tromboni watatu wamekaa kimya sehemu tatu zote za mwanzo, karibu nusu saa, wakisubiri sehemu hii ya nne. Mwanabendi anayelalamika kwamba wimbo wake una mapumziko mengi atalitafakari hilo.

Alto na tena wasikilize kurudi. Baada ya utulivu wa tromboni, mstari wa nota nane unarudi ghafla kwa maina, ala za kupuliza zikipiga kwa nguvu kama mwanzo. Kutoka hapo mpaka mwisho hakuna tena kupumzika. Wasikilize jinsi kasi inavyoongezeka, na nota ya mwisho inavyofungwa.

Sikilizeni mara moja bila kuongea. Kisha kila kundi liseme lilichosikia, dakika mbili mbili. Kisha sikilizeni tena. Mara ya pili ndiyo inayowashika watu. Utawaona besi wanatikisa vichwa kwa kila la.

Chai.

Baada ya chai mtu mmoja mwenye sauti nzuri ya kusoma asome Zaburi ya 51, yote, polepole, kuanzia "Ee Mungu, unirehemu". Msifafanue kitu. Wekeni Larghetto mara tu baada ya aya ya mwisho.

Kwenye Larghetto sigawi kazi, na nashauri nawe usigawe. Toa maelekezo mawili tu. Kwanza, muziki huu uliimbwa kabla ya kupigwa, kwa hiyo kila chombo kisikilizwe kama mwimbaji: kina pumzi, kina mwanzo wa sentensi na mwisho wake. Pili, kuna mahali ambapo mwendo unatulia na sauti zinakaa kwenye mlio mmoja zikisogea kidogo tu, namna zaburi zinavyokaririwa kwa sauti kwenye ibada za Kikatoliki. Waliokulia Tosamaganga, Peramiho au misheni nyingine za Kikatoliki za kusini watalitambua hilo mara moja, na wanaweza kuwanong'oneza wenzao. Mengine yaachwe.

Utasikia ukali humo ndani pia. Nota zinazogongana, ala za shaba zikipaza sauti kwa ghafla. Kwa sikio lililozoea muziki wa sauti nne uliopangika vizuri, hapo ndipo watu hukunja uso. Usiwaombe radhi kwa niaba ya MacMillan. Mtu anayeomba kufutiwa makosa yake hawezi kuwa mtulivu mwanzo hadi mwisho, na zaburi yenyewe ina mifupa iliyopondwa ndani yake. Meja ya mwisho ina thamani kwa sababu ya ukali huo.

Hatua ya sita: jioni ya pili, rekodi nzima

Iwe wiki moja baadaye, kumbukumbu zikiwa bado za moto. Anza tena kwa kuimba mstari wa nota nane mara mbili, halafu waimbishe kitu cha pili, mwanzo wa sehemu ya kwanza:

mi – do, la – fa, re – ti, so iliyopandishwa nusu – mi

Ni nota mbili mbili, fupi kisha ndefu, na pumziko dogo kila baada ya mbili. Kutoka mi hadi do umeshuka hatua tatu za ngazi, do hadi la tatu tena, na hivyo hivyo, ingawa Brahms anarusha baadhi ya nota juu ili isisikike kama ngazi. Simfoni nzima inachipuka kwenye ngazi hiyo ya tatu-tatu. Violini zinaanza bila utangulizi wowote, mambo yameshaanza unapowasha. Kama mtu anahangaika na kiti, atakosa mwanzo, kwa hiyo hakikisha wote wametulia kwanza.

Sehemu ya pili inafunguliwa na honi, ala ya shaba iliyojikunja, kwa mstari wa zamani unaosikika kama wimbo wa kanisa wa kale, kisha klarineti zinaupokea kwa upole huku nyuzi zikidonolewa kwa vidole. Hapa pia ndipo sello zinapata wimbo mpana, mzuri kuliko yote katika simfoni hii kwa maoni yangu. Waimbaji wa sauti ya tena watajua pa kuangalia.

Sehemu ya tatu ni ya furaha na kelele, fupi kama dakika sita, na ina chuma cha pembetatu kinacholia. Watoto wakiwepo wape kazi ya kukisubiri. Hakipigwi sehemu nyingine yoyote ya simfoni hii.

Kisha ya nne, ambayo sasa ni ya kwao. Kuna zawadi kwa waliosikiliza sehemu ya kwanza kwa makini: karibu kabisa na mwisho, kabla tu ya kimalizio, ngazi ya tatu-tatu inarudi, imefumwa ndani ya mstari wa besi. Waambie inakuja, usiwaambie ni lini.

Larghetto ifuate bila mapumziko marefu. Sekunde kumi za ukimya zinatosha. Ukitoa nafasi ndefu mno watu wataanza mazungumzo.

Mambo ya ruhusa na nota

Ukisikiliza na majirani nyumbani hakuna tatizo. Ukitaka kuicheza ukumbini kwa umma, na hasa ukitoza kiingilio, rekodi ina haki zake. Wasiliana kwanza na COSOTA, taasisi inayoshughulikia hakimiliki Tanzania, upate utaratibu.

Nota za simfoni ya Brahms ni za wazi, hakuna anayezimiliki tena. Zinashushwa bure kwenye tovuti ya IMSLP, na ukurasa wa kwanza wa sehemu ya nne ukiuchapisha na kuubandika ubaoni, wanaosoma staff (nota za mistari mitano) watawaonyesha wa solfa nota nane ziko wapi. Nota za MacMillan zina mwenyewe na ziko chini ya hakimiliki. Hizo usizinakili.

Hatua ya saba: rudisheni kwenye kwaya

Mazoezi yanayofuata, chukua besi ya vipimo vinane kutoka wimbo wowote wa kitabu chenu. Besi wairudie. Kila sauti itunge mstari mmoja juu yake kwa wiki hiyo, uandikwe kwa solfa, na Jumamosi ipangwe: mstari wa tena kwanza, wa alto, wa soprano, halafu miwili pamoja, halafu yote. Kwaya ya watu kumi na tano inaweza kupata mabadiliko manane au tisa, na yakichujwa vizuri unayo kazi ya dakika nne ya kwenu wenyewe. Mwalimu awe mkali kwenye kitu kimoja tu: besi isibadilike hata nota moja.

Okestra hiyo hiyo na Honeck huyo huyo wana rekodi nyingine ya mwaka 2022 inayofaa kufuata: Simfoni ya Sita ya Beethoven, ya mwaka 1808, ikiwa na kazi ya mtunzi Mmarekani Steven Stucky iitwayo Silent Spring. Stucky aliitunga akiwa na kitabu cha Rachel Carson chenye jina hilo hilo, cha mwaka 1962, akilini, kile kilichoonya dunia kuhusu viuatilifu, na Carson mwenyewe alizaliwa Springdale, jirani na Pittsburgh. Kwa watu wa viazi wa Uporoto na Njombe wanaobeba bomba la dawa mgongoni, mazungumzo baada ya rekodi hiyo yatakuwa marefu, kwa hiyo anzeni saa kumi jioni. Besi wapumzike siku hiyo. Wape wapiga filimbi kazi ya kutafuta ndege watatu mwishoni mwa sehemu ya pili ya Beethoven: mmoja anaimba kwenye filimbi, mmoja kwenye obo, mmoja kwenye klarineti.